Mwenda Bure Si Mkaa Bure: Matembezi ya Kutazama Ndege Ukingoni mwa Msitu wa Amani

(Maelezo yaliyotayarishwa kusomwa katika mikutano ya vijiji vinavyopakana na misitu ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza)



Kila mwaka wageni husafiri kutoka mbali ili kusimama kando ya njia ya Amani, shingo zikiwa zimeelekezwa juu na darubini zikiwa machoni, wakisubiri ndege mmoja mdogo ajitokeze katika kichaka. Mkazi anayerudi kutoka shambani, au mchuma chai aliyebeba kikapu, huwasalimu na kuwapita. Moyoni hujiuliza ni kitu gani kinachoweza kumtoa mtu Ulaya aje kutazama kichaka ambacho yeye hukipita mara mbili kwa siku. Swali hilo ni la haki, na jibu lake linamhusu mkazi kuliko linavyomhusu mgeni.

Maelezo haya yanahusu matembezi ya pamoja ya kutazama ndege na viumbe vingine, yanayofanywa na klabu za wapenda maumbile. Watu wengi huyachukulia kuwa starehe ya wasafiri au somo la watoto wa shule. Hata hivyo matembezi hayo yana manufaa makubwa zaidi kwa mkazi wa kijiji: ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya wenyeji kuwa na ujuzi wao wenyewe wa msitu, ujuzi ulioandikwa na kutiwa tarehe, ili siku linapozungumzwa jambo la msitu nao wawe na ushahidi mkononi.

Msitu huu una nini

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikawa ya kwanza ya daraja hilo nchini Tanzania. Ina eneo la hekta 8,380. Milima yake ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa. Milima hiyo hupata mvua kutokana na upepo wa Bahari ya Hindi, na Amani peke yake hupokea karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa kuwa misitu yake imekaa muda mrefu mno ikiwa imetengana na mingine, vimo ndani yake viumbe visivyoonekana mahali pengine popote, au vinavyoonekana mahali pachache sana.

Mfano ulio karibu ni ndege mdogo wa jamii ya washonaji, mwenye mdomo mrefu na mwembamba na mwili wa rangi ya kijivu, asiyevutia jicho la mtu asiyemjua. Ndege huyu yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Kwa ujuzi uliopo, anaishi Usambara Mashariki na katika nyanda za juu za kaskazini mwa Msumbiji tu. La ajabu ni kwamba hakai katikati ya msitu mnene peke yake. Hupenda mimea itambaayo iliyosongamana mahali mti ulipoanguka, kingo za msitu, na vichaka vilivyo kando ya njia na mashamba ya chai. Kwa maneno mengine, mmoja wa ndege adimu sana barani Afrika ni jirani wa nyumba za watu. Kichaka kinachofyekwa kwa sababu tu kinaonekana hakina kazi huenda ndicho makazi yake.

Msitu huohuo ni chanzo cha mto Zigi, ambao maji yake hukusanywa katika bwawa la Mabayani na kusafirishwa hadi majumbani mwa wakazi wa jiji la Tanga. Hivyo hali ya vijito vya Amani ni habari ya huduma ya jamii, sawa na habari ya barabara au zahanati.

Ujuzi wa nani

Wataalamu wameijua Amani kwa zaidi ya karne moja. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na bustani ya mimea hapo mwaka 1902. Bundi mkubwa wa Usambara aliandikwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1908, akapewa jina la Vosseler, mtaalamu wa viumbe aliyefanya kazi Amani. Ndege mshonaji aliyetajwa hapo juu aliandikwa mwaka 1931, akapewa jina la Moreau.

Habari ya Reginald Moreau inafaa kusimuliwa, maana ina funzo. Alifika Amani mwaka 1928, na hakuwa amesomea elimu ya ndege. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyetoka katika kazi ya ukaguzi wa hesabu, akaletwa kushughulikia maktaba na uandishi wa kituo cha utafiti. Ujuzi wake wa ndege aliupata kwa kutembea, kusikiliza na kuandika, akishirikiana na mkewe Winifred. Alipoondoka mwaka 1946 alikuwa miongoni mwa wajuzi wakubwa wa ndege wa Afrika. Lakini hakufanya kazi hiyo peke yake. Aliwatumia wasaidizi wenyeji, watu waliokaa karibu na viota kwa saa nyingi, wakihesabu ni mara ngapi ndege anaingia na kutoka, na taarifa zao zikaingia katika maandishi yake.

Funzo la kwanza ni kwamba elimu ya ndege haimngoji mwenye shahada. Humngoja mwenye subira na daftari. Funzo la pili ni zito zaidi. Macho yaliyotazama yalikuwa ya wenyeji, na majina yaliyobaki ni ya wageni. Wazee wa Kisambaa na Kibondei wanawajua ndege hawa kwa sauti zao, misimu yao na tabia zao, na wana majina yao wenyewe kwa wengi wao. Majina hayo hayajaandikwa ipasavyo, na kila mzee anapozikwa, mengine huzikwa pamoja naye. Klabu ya kata inayotembea na mzee mmoja na vijana kumi inaweza kuyaokoa majina hayo kwa gharama ya kalamu.

Sababu za watu kusitasita

Haitafaa kuzungumza juu ya kupenda msitu bila kukumbuka kwamba kwa baadhi ya wakazi msitu umeambatana na hasara. Wapo wakulima wa iliki walioacha mashamba yao ili ushoroba wa msitu wa Derema uhifadhiwe. Iliki hustawi kivulini, chini ya miti mikubwa, na kwa kaya nyingi ndiyo iliyosomesha watoto na kuezeka nyumba. Fidia ilitolewa, lakini fedha huisha na shamba halirudi. Mtu aliyepitia hayo akiona kundi la watu wenye darubini likielekea msituni, ana haki ya kuuliza: hawa wanatafuta nini, na baadaye watachukua nini?

Jibu la kweli ni kwamba mipaka na mipango ya misitu huamuliwa kwa taarifa, na kwa muda mrefu taarifa hizo zimekuwa mikononi mwa watu wasioishi hapa. Kijiji kisicho na kumbukumbu zake huja mkutanoni kikiwa na malalamiko, na malalamiko husikilizwa kisha husahauliwa. Kijiji chenye daftari la miaka mitano huweza kusema: katika bonde hili tumeona ndege hawa kwa mwezi huu na ule, maji ya kijito yalichafuka tarehe hii, miti hii ilikatwa na watu waliotoka nje. Kutembea msituni hakutarudisha shamba la mtu. Kunaweza, hata hivyo, kuhakikisha kwamba safari nyingine neno la msitu halisemwi bila mwenyeji kuwa na la kujibu.

Mfano wa Nairobi

Mfano unaojulikana sana katika Afrika Mashariki ni ule wa Nairobi, ambako chama cha wapenda elimu ya viumbe kilianzishwa mwaka 1909 na bado kinaendelea. Tangu mwaka 1971 wanachama na wageni wao wamekuwa wakikutana kila Jumatano asubuhi kwa matembezi ya kutazama ndege, yaliyoanzishwa na kuongozwa kwa miaka mingi na Bi. Fleur Ng'weno. Hukutana kwenye makumbusho, huamua mahali pa kwenda, hutembea polepole, hutaja walichokiona, na huandika. Wastaafu hutembea na wanafunzi, na wenye vitabu huwasaidia wasio navyo. Baadhi ya vijana waliofika wakiwa hawajui lolote wamekuwa waongozaji na watafiti wa ndege.

Siri ya kudumu kwa matembezi hayo si utajiri wa vifaa. Ni siku moja isiyobadilika. Mtu aliyekosa wiki hii anajua atawakuta wenzake wiki ijayo. Nchini Tanzania nako klabu za Malihai zimekuwapo katika shule tangu mwaka 1980, na wakazi wengi wa leo waliwahi kuwa wanachama wake walipokuwa wanafunzi. Kinachokosekana mara nyingi ni mahali pa kuendelea baada ya mtu kumaliza shule. Klabu ya kata huziba pengo hilo.

Namna ya kutembea

Matembezi mazuri huanza mapema, kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi, kwa kuwa ndege huimba na kula zaidi kabla jua halijapanda. Saa mbili au tatu zatosha. Kundi la watu 8 hadi 12 ni bora. Likizidi hapo, wa nyuma hawaoni na wa mbele hawasikilizani. Mwongozaji hutangulia, na mtu mwingine anayeijua njia hukaa mwisho ili asiachwe mtu. Mwenyekiti wa kitongoji huarifiwa siku moja kabla, ili kundi lisishangaliwe wala kushukiwa.

Mavazi huwa ya rangi zilizofifia: kijani, kahawia au kijivu. Viatu vya kufunika mguu ni muhimu kwa sababu ya utelezi, siafu na nyoka. Maji ya kunywa, kitu cha kujikinga na mvua na kitambaa safi vinatosha kwa safari fupi. Katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, njia za mtelemko huteleza mno, na ni vema kundi libaki kwenye barabara. Kwa wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu, barabara pana zinazopita katika bustani ya mimea zinafaa zaidi kuliko vijia vya msituni, na ndege wake si haba.

Kuingia ndani ya hifadhi kunahitaji kibali na malipo kwa viwango vilivyowekwa, na taarifa zake hutolewa katika ofisi ya hifadhi. Lakini mwanzo mzuri wa klabu changa ni barabara za umma, mipaka ya mashamba kwa ridhaa ya wenyewe, na kingo za vijito. Huko hakuna malipo, na kama ilivyoelezwa, baadhi ya ndege adimu kabisa hukaa hukohuko.

Mtembezi mgeni hushangaa kwamba saa ya kwanza hupita akiwa haoni kitu. Hilo ni la kawaida. Msituni sikio hutangulia na jicho hufuata. Kundi husimama, hunyamaza kwa dakika tano, kila mmoja akanyoosha kidole upande anakosikia sauti, na mwongozaji akataja jina moja baada ya jingine. Baada ya safari tatu au nne, mtu aliyedhani msitu una kelele moja hugundua kwamba una sauti ishirini, na kwamba anaweza kuzitenga. Chozi hutambulika kwa mlio wake mwembamba anapohama ua hadi ua, na hondohondo husikika kwa mvumo wa mabawa kabla hajaonekana.

Kuna makatazo machache, nayo hayana mjadala. Kiota hakiguswi wala hakisogelewi. Sauti za ndege zilizorekodiwa katika simu hazipigwi msituni ili kumwita ndege, kwa maana ndege hudhani amevamiwa, akaacha kazi ya kulisha makinda. Mahali anapolala bundi au anapotaga ndege adimu hapatangazwi katika makundi ya simu. Manati, ulimbo na mitego haviingii katika matembezi. Kukamata au kuua ndege wa porini bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Juu ya manati kuna jambo la kuongeza. Kijana anayejua kumlenga ndege kwa jiwe ni kijana mwenye macho makali, anayejua ndege anatua wapi na saa ngapi. Klabu inayomfukuza kijana huyo humrudisha kwenye manati yake. Inayompa darubini na kumkabidhi kazi ya kutangulia humpata mtazamaji bora kuliko wote.

Daftari ndilo mali

Darubini ni kifaa kizuri, na moja kwa watu wanne inatosha kuanzia. Lakini klabu isiyo na darubini bado ni klabu, ilhali klabu isiyo na daftari ni kundi la watu waliokwenda kupunga upepo. Kila safari huandikwa tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, njia iliyofuatwa, hali ya hewa na idadi ya watembezi. Kisha huandikwa ndege waliotambuliwa na idadi yao. Asiyetambuliwa huandikwa umbo, rangi na sauti yake, wala habuniwi jina. Safu ya mwisho huwekewa jina la Kisambaa au Kibondei, pamoja na jina la mzee aliyelitaja.

Mtunza daftari anapaswa kuwa mkali kwa kweli. Safari moja haithibitishi kitu. Ndege asipoonekana siku ya mvua na upepo, huenda amejificha tu. Wapo pia wanaosafiri: mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya huwasili kuanzia Septemba na Oktoba na huondoka ifikapo Aprili, na kutokuwapo kwao mwezi Julai si dalili ya maangamizi. Ndiyo sababu ya kushika njia ileile, saa ileile, angalau mara moja kila mwezi. Mwaka wa pili daftari huanza kusema. Mwaka wa tano husema kwa uhakika.

Mambo matatu ambayo ndege hufichua

La kwanza ni habari ya hondohondo. Ndege huyu mkubwa hutaga katika tundu la mti mnene na mzee. Jike hujifungia ndani, mlango ukazibwa kwa udongo hadi kubaki upenyo mwembamba, na dume humlisha kupitia upenyo huo kwa wiki nyingi. Penye hondohondo wanaotaga, kuna miti mikubwa iliyosalimika. Lakini hondohondo huyohuyo hula matunda na kutawanya mbegu, zikiwamo mbegu za mhesi, ambao wengine huuita msizi. Mti huo si wa asili ya milima hii. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, ukapandwa zaidi baadaye, na leo umeenea katika sehemu nyingi za msitu palipokuwa na uwazi. Miti ya asili inapokatwa, uwazi hufunguka, hondohondo hudondosha mbegu, na mhesi huota kabla mwingine hajapata nafasi. Mwenye kosa hapo si ndege, bali uwazi ulioachwa na shoka. Klabu inayoandika mahali miche ya mhesi inapochipua huwapa wasimamizi wa msitu taarifa ambayo askari wachache wa doria hawawezi kuikusanya.

La pili ni habari ya vijito. Wapo mdiria wa mito ya msitu ambao huwinda samaki kwa kuwatazama majini, na wapo ndege watikisa mkia wanaorukaruka juu ya mawe ya vijito vyenye kasi wakiokota wadudu. Ndege hawa huhitaji maji maangavu na kingo zenye miti. Maji yakijaa matope kwa sababu ya kilimo cha kingoni au uchimbaji wa dhahabu, windo lao huwa gumu. Wakikosekana mwezi baada ya mwezi mahali walipozoeleka, hiyo ni sababu tosha ya kupanda mkondo na kuangalia kuna nini juu. Jambo hilo litamnufaisha anayechota kwa ndoo kijijini na anayefungua bomba Tanga.

La tatu ni bundi. Watu wengi humwogopa. Husemwa kwamba akilia juu ya paa pana msiba, na kwa ajili hiyo hupigwa mawe na kuchomwa. Maelezo haya hayakusudii kumdhihaki mtu kwa alichorithi kwa wazee wake. Linalotakiwa ni kuangalia chini ya mti anapolala bundi wa kawaida wa vijijini. Hapo hukutwa vidonge vya manyoya na mifupa alivyovitapika, na vikipasuliwa huonekana mafuvu ya panya. Mkulima anayejua panya wanavyomaliza mahindi ghalani atajua la kufanya na habari hiyo. Mara nyingi matembezi ya jioni, yanayomwezesha mtoto kumwona bundi akiwa kazini, hubadilisha mtazamo kuliko makaripio.

Habari ya kipato

Vijana huuliza kama kazi hii inaleta fedha. Huleta kwa baadhi, na kwa uvumilivu. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na wageni wanaowafuata hupenda mwongozaji anayejua sauti kuliko anayejua Kiingereza kizuri tu. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya, vijana waliokulia jirani na msitu wamekuwa waongozaji wanaotafutwa. Sababu mojawapo ni kwamba wanajua alipo kibundi mdogo wa Sokoke, ambaye hupatikana huko na katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Usambara Mashariki ina kibundi huyo, ina ndege mshonaji na ina bundi wa Vosseler. Kinachohitajika ni watu wa hapa wanaowajua.

Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha waongozaji kilichosajiliwa kinaweza kuomba. Hata hivyo mkopo ni deni. Wageni huja kwa misimu, na miezi ya masika huwa mitupu. Ni busara kikundi kiwe na kazi nyingine ya kukishikilia, kama vile nyuki, viungo au miche ya miti ya asili, na uongozaji uwe nyongeza. Klabu iliyoanza kwa kutafuta fedha huvunjika mgeni anapokosekana. Iliyoanza kwa kutembea hubaki na daftari lake, na mgeni akifika huikuta tayari.

Hatua za kuanza

Hatua si nyingi. Watu watano hadi kumi wakubaliane siku moja ya mwezi, isiyogongana na mnada, ibada wala gulio. Wamchague mwongozaji, mtunza daftari na mzee mmoja wa kuwa mlezi. Wamwarifu afisa mtendaji wa kijiji na wa kata, na wafike ofisi ya hifadhi kuomba ushauri wa njia. Mwalimu wa shule ya karibu akaribishwe pamoja na wanafunzi wachache kwa ridhaa ya wazazi wao. Kinamama wapangiwe saa inayowafaa, kwa maana ndio wanaokwenda kisimani na kondeni kila siku, na wanayoyaona huko hayajulikani na wengine. Mwisho wa kila miezi mitatu, muhtasari wa ukurasa mmoja usomwe katika mkutano wa kijiji na nakala ihifadhiwe ofisini.

Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Atembeaye ukingoni mwa msitu wa Amani bila daftari huokota furaha ya asubuhi moja, nayo si kitu kidogo. Atembeaye na wenzake mwezi hadi mwezi, akiandika kwa kweli anachokiona, huwaokotea watoto wake hati ya kile walichorithi. Kichaka kilicho kando ya njia kitafyekwa au kitaachwa kwa uamuzi wa mtu fulani siku fulani. Ni vema siku hiyo awepo mwenyeji anayeweza kusema, kwa jina na kwa tarehe, ni nani anayeishi ndani yake.